Titi Kwanza, Kikombe Baadaye: Kuongezea Maziwa Bila Kumkausha Mama

Shikamooni mama zetu na bibi zetu mlioketi mbele. Kina mama wenye watoto mapajani, kina baba mliofika, na ninyi dada mnaobaki na watoto wakati wenyewe wako kazini, karibuni sana. Dada, ninyi hasa tuliomba mje, kwa sababu mengi ya leo yatafanyika mikononi mwenu.

Kila mwaka, tarehe 1 hadi 7 Agosti, huwa ni Wiki ya Unyonyeshaji Duniani, na ujumbe ni uleule: mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 na zaidi. Ujumbe huo ni sahihi na hatuupunguzi. Lakini wapo mama wanaousikiliza wakiwa wameinamisha kichwa, kwa kuwa nyumbani kuna kopo la maziwa juu ya kabati na muuguzi hajaambiwa. Wanaongezea kwa kificho na kwa kukisia, mmoja anaiga jirani, mwingine anasikia la dukani. Hapo ndipo mtoto anapoharisha, na hapo ndipo maziwa ya mama yanapopungua kweli. Leo tunasema na hao, waziwazi, wala hatumlaumu mtu.

Jambo kubwa tunalotaka mlishike ni hili. Mtoto anaweza kuongezewa maziwa na mama akaendelea kunyonyesha kwa miezi mingi. Kinachomkausha mama ni pale mtoto anaposhibishwa kwa chupa na titi likaachwa limejaa, halijanyonywa wala kukamuliwa.

Titi hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotolewa. Mtoto akinyonya, mwili wa mama unatoa homoni mbili: prolaktini, inayotengeneza maziwa, na oksitosini, inayoyasukuma yatoke. Prolaktini hupanda zaidi usiku, ndiyo maana kunyonyesha usiku kuna faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Maziwa yakikaa ndani bila kutolewa, titi lenyewe linapunguza kasi. Basi chukua mama anayempa mtoto mililita 90 za kopo saa 3 usiku ili wote walale mpaka alfajiri. Usiku wa kwanza ataamka matiti yamemjaa na kumuuma. Baada ya wiki mbili hayamjai tena, na sasa anasema, kwa haki kabisa, kwamba maziwa hayatoshi.

Kabla ya kopo kuna swali linalotangulia: je, ni kweli hayatoshi? Kulia kwa mtoto si kipimo. Mtoto wa wiki 3 au wiki 6 anaweza kutaka titi kila baada ya nusu saa, hasa kuanzia jioni, na kufanya hivyo siku mbili tatu mfululizo. Anaagiza maziwa ya siku zinazokuja, mnyonyeshe tu. Titi kulegea baada ya wiki ya 6 nalo lisikutishe, maana uvimbe wa siku za mwanzo umekwisha na maziwa yapo. Na ukikamua ukapata vijitone tu, ujue kwamba mkono usiozoea hautoi maziwa kama mdomo wa mtoto.

Vipimo tunavyoviamini ni mizani na mkojo. Mtoto mchanga hupungua uzito kidogo siku za mwanzo. Akipungua kufikia asilimia 7 hivi, anyonyeshwe huku akiangaliwa. Akikaribia asilimia 10, lazima apimwe na kusaidiwa haraka. Awe amerudi kwenye uzito wake wa kuzaliwa kufikia wiki 2. Baada ya hapo, katika miezi hii ya mwanzo, aongezeke angalau gramu 500 kwa mwezi, yaani kama gramu 125 kwa wiki, na wengi huzidi hapo. Kuanzia siku ya 5 akojoe mara 6 au zaidi kwa mchana na usiku, mkojo uwe mwepesi usio na harufu kali, na choo kiwe kimeshageuka kuwa cha njano. Choo kikiwa bado cheusi baada ya siku ya 4, mtoto hapati maziwa ya kutosha, au kuna tatizo jingine. Usisubiri siku ya kliniki.

Uzito ukiwa mdogo, kitu cha kwanza kukaguliwa ni jinsi anavyonyonya. Mpakate tumbo lake liguse lako, kichwa na mgongo vikae mstari mmoja. Subiri afungue mdomo wazi kabisa, ndipo umlete kwenye titi. Ukitazama vizuri utaona mdomo wa chini umebinukia nje, kidevu kimegusa titi, na weusi wa titi unaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Utamsikia akimeza. Akinyonya ncha ya chuchu peke yake, mama anaumia, chuchu inachanika, na mtoto anakaa titini saa nzima bila kushiba. Watoto wengi walioandaliwa kopo walihitaji kurekebishwa hapa tu.

Wapo wanaohitaji kweli kuongezewa, na hao wasicheleweshwe. Mtoto njiti au mwenye uzito mdogo sana, na yule ambaye sukari yake ya damu imeshuka. Mama aliyepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua, au aliyebakiwa na kipande cha kondo la nyuma, maziwa yake huchelewa kutoka. Aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa titi, na mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo, wanaweza kuwa na maziwa kidogo hata wakinyonyesha vizuri. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni navyo hupunguza maziwa, kwa hiyo mwambie mtoa huduma kwamba unanyonyesha kabla hajakupa. Na yupo mama anayerudi kazini, tutamfikia.

Maziwa ya kuongezea, la kwanza ni yako mwenyewe uliyokamua. Kenya wana benki ya maziwa ya mama katika Hospitali ya Pumwani, Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2019, lakini maziwa yale ni ya watoto dhaifu walioko wodini. Kwa hiyo yako yakipungua, kinachofuata nyumbani ni maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Maziwa ya ng'ombe, uji mwepesi wa lishe, maji ya glukosi, chai ya rangi na dawa za tumbo za dukani haviongezei kitu kwa mtoto wa chini ya miezi 6. Vinamjaza tumbo asinyonye.

Sasa kiasi. Mtoto anayelishwa kwa kupimiwa, baada ya wiki ya kwanza, huhitaji kama mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Wa kilo 4 anahitaji kama mililita 600 kwa mchana na usiku. Hiyo ni jumla, pamoja na anayoyapata titini, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanasoma kwenye kopo kwamba mtoto wa mwezi mmoja apewe mililita 120 kila mlo, wanampa zote, na titi linakosa mteja. Maelezo ya kopo yameandikwa kwa mtoto asiyenyonya kabisa. Mtoto wa kilo 4 anayenyonya, lakini ameongezeka gramu 60 tu kwa wiki, anaweza kuanzishiwa mililita 30 baada ya kunyonya, mara 4 au 5 kwa siku. Kwa siku nzima hiyo ni mililita 120 hadi 150. Apimwe tena baada ya siku 3 au 4, ndipo muuguzi aamue kuongeza au kuacha palepale. Siku zile za mwanzo kabisa kiasi ni kidogo zaidi: siku ya kwanza tumbo la mtoto linatosheka na mililita 2 hadi 10 kwa mlo, na siku ya pili 5 hadi 15. Kijiko cha chai ni mililita 5. Tafadhalini bibi zetu, mtoto wa siku moja asimiminiwe mililita 60.

Utaratibu wa kila mlo ni huu. Mnyonyeshe titi la kwanza mpaka aliachie mwenyewe. Akianza kusinzia huku akinyonya, minya titi taratibu kwa kiganja, maziwa yatiririke, naye ataamka ameze. Mhamishie titi la pili. Halafu mpe ya kuongezea. Halafu kamua, dakika 10 hadi 15, hata kama zinatoka mililita 20 tu. Hizo 20 ndizo za kuongezea mlo unaofuata, na kopo linabaki limefungwa. Kazi nzima isizidi saa moja, vinginevyo mama hapati kulala. Kama yupo baba au bibi, yeye ashike kikombe wakati mama anakamua.

Kukamua kwa mkono hakuhitaji mashine. Nawa mikono kwa sabuni. Weka kidole gumba juu ya titi na vidole viwili chini yake, sentimita 2 au 3 nyuma ya chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana vidole vikutane nyuma ya weusi, kisha achia. Usiteleze juu ya ngozi wala usivute chuchu. Ukisugua utavimba na hupati kitu. Mwanzoni hayatoki, endelea dakika moja au mbili. Yakipungua kasi, zungusha vidole upande mwingine ili titi lote litoke. Kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na kukandwa mgongo husaidia maziwa kushuka, na kina baba, hilo la mgongo ni lenu. Supu, mtori, uji wa pilipili manga na uwatu vinampa mama nguvu na faraja, mpikieni. Ila hakuna uji unaoshika nafasi ya kutoa maziwa mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Na mama mwenye kisukari anayetumia dawa aulize kabla ya kutumia uwatu kwa wingi.

Kuhusu chombo, sisi tunapendekeza kikombe kidogo kisicho na ncha kali, hasa kwa mtoto wa chini ya mwezi mmoja. Kinaoshwa kikatakata, wakati chupa ina kona na nyonyo inayoficha maziwa yaliyoganda. Mkalishe mtoto wima mapajani, mfunge nguo mikono isipige kikombe. Weka ukingo wa kikombe juu ya mdomo wake wa chini na uinamishe mpaka maziwa yaguse mdomo tu. Ataramba, kisha atafyonza kidogo kidogo. Usimmiminie, atapaliwa. Akifunga mdomo, ameshiba.

Wengi mtatumia chupa hata hivyo, kwa hiyo tuiseme vizuri. Chupa inatiririka bila mtoto kujituma, na akiizoea analikasirikia titi linalomtaka afanye kazi. Tumia nyonyo ya mtoto mchanga, yenye tundu dogo. Msilipanue kwa sindano, tumeyaona hayo. Mkalishe karibu wima, chupa ilale usawa badala ya kusimama, maziwa yajae nusu ya nyonyo. Gusa mdomo wake, asubiriwe aufungue. Kila baada ya mafunda machache shusha chupa apumue. Nusu ya mlo mhamishie mkono wa pili, kama anavyohamishiwa titi. Mlo uchukue dakika 15 hadi 20. Ukiona ameimaliza kwa dakika 5, bado analia na unataka kumwongeza, tatizo ni kasi. Tumbo halijapata nafasi ya kujua limejaa. Wala usiiegemeze chupa kwenye mto ukaondoka, hata dakika moja.

Ipo njia ya tatu ambayo wachache wanaijua: mrija mwembamba wa kulishia, namba 8 au chini yake, unaopatikana hospitalini. Ncha moja inakaa kwenye kikombe cha maziwa, nyingine inabandikwa kwa plasta kwenye titi, ifike usawa wa chuchu. Mtoto ananyonya titi na mrija kwa pamoja, titi linachochewa na yeye anashiba palepale. Kikombe kikiinuliwa maziwa yanakimbia, kikishushwa yanapungua. Kirekebishe mlo uchukue kama nusu saa. Mrija usafishwe mara tu baada ya kutumika kwa sabuni na maji ya moto yanayosukumwa kwa bomba la sindano, maana ukikauka hausafishiki. Kwa mama ambaye maziwa yamekaribia kukauka, hii ndiyo njia tunayoitegemea kuliko nyingine zote. Aanze na muuguzi pembeni yake.

Sasa kopo lenyewe. Unga wa maziwa ya watoto si salama kwa asili yake. Unaweza kuwa na vijidudu tangu kiwandani, ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linataka uchanganywe na maji yasiyopungua nyuzi 70. Maji ya uvuguvugu yaliyolala kwenye jagi hayaui kitu. Osha vyombo kwa sabuni na brashi, vichemshe vikiwa vimezama kabisa kwa dakika 10, vifunikwe. Chemsha maji, yaache yapoe kwa muda usiozidi nusu saa. Maji yanatangulia chomboni, yakiwa yamepimwa, ndipo unga. Kijiko ni kile cha ndani ya kopo hilohilo, kisawazishwe kwa kisu kisafi, kisishindiliwe. Makopo mengi yanataka kijiko 1 kwa mililita 30, lakini yapo yanayotaka tofauti, kwa hiyo soma kila unapobadilisha. Tikisa, poza kwa kutumbukiza chupa kwenye maji baridi, dondosha tone kifundoni mwa mkono. Yaliyotayarishwa yatumike ndani ya muda wa saa 2. Mtoto akishaanza kunywa, yanayobaki baada ya saa moja yamwagwe, yasirudishwe kwenye friji na yasiwekewe mtoto wa pili. Kwa mlo wa usiku, jaza chupa ya chai maji yanayochemka unapokwenda kulala na uchanganye mtoto anapoamka. Usichanganye mapema ukayaacha kitandani.

Kupunguza unga ili kopo lifike mwisho wa mwezi ndilo kosa linaloumiza zaidi, na tunajua linatokana na nini. Mtoto anajaa maji, hakui, na chumvi ya mwili wake ikishuka sana anapata degedege. Kuzidisha unga ili ashibe naye analemewa figo na kufunga choo. Piga hesabu kabla hujaanza: kopo la gramu 400 hutoa kama lita 3 za maziwa. Mtoto wa kilo 5 asiyenyonya kabisa analimaliza kwa siku 4. Anayenyonya na kuongezewa mililita 150 kwa siku analitumia karibu wiki 3. Kila mililita unayoikamua ni fedha inayobaki nyumbani. Kopo likishafunguliwa lisipite wiki 4, na maziwa yaliyokamuliwa yatangulie kutolewa, kwa kikombe chake, kopo lifuate. Ukiyachanganya na yakabaki, utamwaga ya thamani pamoja na ya kununua.

Kwa mama wa kazini: sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84, siku 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baada ya kurudi inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Ziombeni kwa maandishi. Anayetoka saa 12 na nusu asubuhi na kurudi saa 10 na nusu jioni, mtoto wake wa miezi 3 atahitaji kama mililita 300, yaani vikombe 3 vya mililita 100. Anza kukamua na kuhifadhi wiki 2 kabla ya kurudi. Kazini kamua kila baada ya saa 3 hivi. Maziwa hukaa muda wa saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25. Kwa joto la Dar la Februari usiyaachie hata hapo, yaingie kwenye kiboksi chenye barafu mara moja. Katika friji, siku 4, nyuma kabisa na si mlangoni. Kwenye friza, miezi 6. Yakishayeyushwa yatumike ndani ya saa 24, yasigandishwe tena. Dada, yapasheni kwenye bakuli la maji ya moto, si jikoni wala kwenye maikrowevu. Mafuta yakipanda juu hayajaharibika, yazungusheni tu. Na tunawaomba: mama akiwa njiani anarudi, msimshibishe mtoto. Mpeni mafunda mawili, afike akute ana hamu ya titi.

Neno kwa mama anayeishi na VVU. Utafiti uliofanyika Durban na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watoto waliochanganyiwa maziwa waliambukizwa zaidi kuliko walionyonya tu, na tangu hapo mama wengi walitishwa. Wakati ule dawa hazikuwa hivi. Leo unayezimeza ARV kila siku unashauriwa unyonyeshe bila kuchanganya kwa miezi 6 na uendelee baadaye. Na tangu 2016 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema kwamba, kwa mama aliye kwenye dawa, kulazimika kuongezea si sababu ya kuacha kunyonyesha. Fika kituoni, waangalie wingi wa virusi na dawa ya mtoto. Anayeruka dawa asiongezee kimyakimya, hatari ya mtoto hapo ni ya kweli.

Uzito ukishakaa sawa, gramu 125 au zaidi kwa wiki, anza kupunguza. Ondoa mililita 50 kwa siku kutoka kwenye jumla, kaa hapo wiki moja, pima. Akiendelea vizuri, ondoa 50 nyingine. Anza na nyongeza ya asubuhi, wakati matiti yamejaa, na ya jioni iwe ya mwisho kuondoka. Ukiacha zote kwa siku moja, mtoto atalia usiku kucha na kopo litarudi kwa nguvu. Mtoto anayelikataa titi mletee akiwa anasinzia, ngozi kwa ngozi, na tone la maziwa kwenye chuchu. Usimpiganishe akiwa amekasirika kwa njaa. Mpe mililita 10 kwanza, kisha titi.

Wapo ambao nyongeza haitaisha, hasa waliofanyiwa upasuaji au wenye matiti yasiyotengeneza maziwa ya kutosha. Mama wa namna hiyo, mililita 200 zako kwa siku zina kinga ambayo hakuna kopo linaloiuza. Endelea kunyonyesha usiku, hata kama mchana anakunywa kikombe.

Mtoto akikojoa chini ya mara 6 kwa siku, akiwa mlegevu asiyeamka kunyonya, utosi ukibonyea, akiharisha au akipata homa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, usiku au mchana, na uchukue kopo na kijiko unachotumia uende navyo, wavione.

Mizani iko tayari pale mlangoni. Wenye watoto wa chini ya miezi 2 waanze, na muuguzi atawatazama mmoja mmoja wakinyonyesha. Wanaotaka kujaribu kikombe na mrija wasogee meza hii ya mbele. Dada, meza ya maji ya moto ni yenu.